Shad Rap ya Rapala kwa Anayeanza Kukokota Chambo Matema

Mkazi wa Mbeya au Kyela anayetaka kuanza kuvua kwa kukokota chambo bandia nyuma ya chombo, ningemshauri anunue kwanza Shad Rap ya sentimita 7, kabla hata ya kuwaza habari za injini. Chambo hiki hutengenezwa na Rapala, kampuni iliyotokana na kazi ya Lauri Rapala, mvuvi wa Finland aliyechonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936. Shad Rap yenyewe iliingia sokoni mwaka 1982. Huko Marekani na Kanada hutumika sana kumvua walleye, samaki mla samaki ambaye jicho lake hurudisha mwanga na kumwezesha kuwinda wakati wa machweo na alfajiri. Mimi nakikokota Matema, ufukwe wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kumtafuta mbasa, samaki wa ziwa hilo ambaye naye huwafukuza usipa, samaki wadogo kama dagaa.

Kimechongwa kwa mti wa balsa, mwepesi sana, na chini ya mdomo kina ulimi wa plastiki. Maji yakiusukuma ulimi huo, chambo huzama na kutikisika ubavu kwa ubavu kama dagaa aliyejeruhiwa. Mtikisiko huo hupanda kwenye mshipi hadi ncha ya fimbo, nayo hutetemeka mfululizo. Ncha ikinyamaza ghafla ilhali mtumbwi unakwenda, vuta mshipi mara moja, kwa kuwa jani limenasa na hakuna samaki atakayekigusa.

Mwendo unaofaa ni kati ya kilomita 2.5 na 4 kwa saa, na kwa mwendo huo mtumbwi wa kafi unatosha kabisa. Mpiga kafi mzoefu wa Matema huushika mwendo huo bila kuambiwa, na kimya chake naona ni bora kuliko injini. Mwombe asiende mstari ulionyooka tu, bali apinde taratibu: ukiwa na mishipi miwili, chambo cha upande wa nje wa kona huongeza kasi na cha ndani hupunguza, hivyo samaki akishika cha nje utajua kwamba siku hiyo wanataka mwendo wa haraka zaidi.

Kabla ya kuachia mshipi mrefu, kikokote karibu na ubavu wa mtumbwi. Kikikimbilia kulia, pinda kidogo sana kwa koleo kijipete cha puani, kinapofungwa mshipi, kuelekea kushoto, kisha ujaribu tena. Kwa sababu hiyo sizipendi nakala za bei rahisi ambazo ulimi wake umegundishwa upogo, maana hizo hulala ubavu hata uzirekebishe vipi.

Upungufu wake ni kina. Hushuka takriban mita 1.5 hadi 3.3, kwa hiyo jua likishapanda na samaki wakateremka chini, hakiwafikii. Wepesi wake pia hufanya kukirusha kwenye upepo kuwe kazi ngumu, ingawa anayekokota hana haja ya kurusha.

Mahali pazuri pa kuanzia ni mashariki mwa ufukwe wa Matema, ambako milima ya Livingstone hushuka moja kwa moja ziwani na kina huanza karibu na miamba. Ila msimu wa mvua, mbasa wanapopanda mitoni kutaga, midomo ya mito kama Lufilyo iachwe kabisa; anayemvua hapo wakati huo anakula mbegu ya mwaka ujao. Leseni ya uvuvi nayo ishughulikiwe mapema kwa afisa uvuvi wa wilaya.