Uzoefu wangu: Jumba la Schifanoia, Ferrara, na mwongozo wa sauti wa kulipia

Ukiwa Bologna, Italia, Ferrara si mbali kwa treni, na kama unapenda mambo ya falaki usiache kupita Schifanoia. Humo mna Ukumbi wa Miezi, uliochorwa kuta zake picha za miezi ya mwaka kati ya 1468 na 1470 kwa amri ya Borso d'Este, mtawala wa mji. Baadhi ya miezi imefutika, ndiyo hali halisi. Nenda moja kwa moja ukuta wa mashariki: Machi, Aprili na Mei, kazi ya Francesco del Cossa.

Kila mwezi una safu tatu. Juu yuko mungu wa kale kwenye gari lake, chini Borso na watu wake, katikati nyota ya falaki ya mwezi huo na viumbe wake watatu, kila kimoja kikisimamia theluthi ya nyota hiyo. Katika nyota ya Kondoo, upande wa kushoto, amesimama mwanamume mweusi aliyevaa nguo nyeupe iliyochanika, kaishika kamba aliyojifunga kiunoni. Nilimtazama mpaka shingo ikauma. Aby Warburg, mwanahistoria wa sanaa, alionyesha mwaka 1912 kwamba mtu huyo ametoka kwenye maandishi ya Abu Ma'shar, mnajimu wa karne ya tisa, ambaye jina lake wasomaji wa vitabu vya falaki pwani kwetu wanalijua vizuri.

Sasa huo mwongozo. Niliununua kwenye simu kwa kampuni moja ya nje, si wa jumba lenyewe. Sauti safi, ramani inaeleweka. Ila ni Borso, Borso, Borso, kisha sifa kedekede kwa Pellegrino Prisciani, msomi wa nyota wa ikulu. Cossa anatajwa kama fundi wa kupaka chokaa.

Na kuonwa fundi wa kawaida ndiko kulikomkera Cossa mwenyewe! Tarehe 25 Machi 1470 alimwandikia Borso: malipo ya bolognini kumi (sarafu za wakati ule) kwa kila futi ya ukuta yanamweka sawa na kibarua asiyejua kitu, ilhali yeye jina limeanza kusikika, na sehemu yake ameipamba kwa dhahabu na rangi nzuri. Borso akakataa kuongeza. Cossa akahamia Bologna. Mchoraji kudai alipwe kwa ubora wa mkono wake, si kwa ukubwa wa ukuta, kwa wakati ule ni jambo zito, lakini mwongozo haugusi kabisa hiyo barua.

Jumba nalipatia alama tano kwa tano, mwongozo mbili. Hela yake afadhali ununulie darubini ndogo, maana safu za juu ziko mbali.