Pawa saplai mpya ya mashine ya gemu: usipime huku, pima kule!

Wadau, habari za saa hizi, karibuni tena. Niko hapahapa Chang'ombe, Dodoma, na leo nina furaha ya kweli, maana kitu kilichonisumbua wiki tatu kimekaa sawa jana usiku. Mpwa, sogeza kamera. Hii hapa! Mashine ya gemu ya sarafu, Street Fighter II ya Capcom, gemu ya mwaka 1991. Na wanaopita mlangoni wanaouliza, jibu ni hapana, hii siyo dubwi. Kwenye dubwi unaweka sarafu unaomba bahati. Hapa unaweka sarafu unapigana mwenyewe, kwa mikono yako.

Ninachochambua siyo mashine, ni hiki kisanduku cha bati kilichofungwa chini huku ndani. Pawa saplai. Inachukua umeme wa ukutani inatoa volti 5, volti 12, na volti 5 hasi kwa bodi, ile sahani ya saketi inayoendesha gemu, zinazoihitaji. Habari za wati zimeandikwa ubavuni, simamisha video usome.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Unawasha, gemu inakuja vizuri, unamchagua Ryu, unacheza dakika tano, kumi, halafu ghafla picha inakatika na gemu inaanza upya kama ndiyo kwanza umeiwasha. Sarafu imekwenda. Fundi mmoja akaniambia bodi imekufa, tafuta nyingine. Jamani! Bodi haiitwi maiti kabla haijapimwa umeme. Nikafungua pawa saplai ya zamani, kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa kama maandazi. Nikaagiza hii, ikaja kwa basi kutoka Dar.

Sasa njoo karibu kabisa. Unakiona hiki kinobu cha plastiki hapa pembeni ya skurubu za nyaya? Kidogo, ncha ya bisibisi ya saa ndiyo inaingia. Hiki ndicho kimenifanya niwashe kamera. Kinapandisha na kushusha zile volti 5. Tazama, narudia nilivyofanya juzi. Mita ya kupima volti naiweka hapa kwenye skurubu za pawa saplai yenyewe. 5.02. Safi, eti? Wengi wangefunga mlango wa mashine hapo.

Subiri. Naihamishia mita kule juu kwenye bodi. Waya mweusi wa mita kwenye graundi ya bodi, njia ya umeme kurudi, siyo kwenye bati la mashine, maana hata waya wa graundi unaiba volti njiani. Waya mwekundu kwenye mguu wa umeme wa chipu. Hizi chipu za familia ya 74 zenye miguu 14, nyingi mguu wa 7 ni graundi na wa 14 ni umeme. Shika kwa utulivu, ncha isiteleze ikagusa miguu miwili. Soma. 4.71! Huku 5.02, kule 4.71. Na hizi chipu zimetengenezwa kufanya kazi kati ya volti 4.75 na 5.25. Bodi ilikuwa na njaa, wadau. Haikuwa imekufa.

Haya, nazungusha. Polepole, kama unavyotia chumvi kwenye mchuzi. 4.80. 4.90. 5.03. Acha hapo. Gemu ikaenda dakika arobaini haijajizima, na mimi juzi nilikuwa tayari kuja kuwaambia nunueni, hii ndiyo bora kuliko zote.

Ila usiku nikapima tena kwenye skurubu za pawa saplai, nikakuta 5.34. Usingizi ukaniruka. Zile volti 0.31 zinapotelea wapi? Piga hesabu na mimi: bodi ikivuta ampia 3, basi njiani kuna kizuizi cha kama omu 0.1. Kitu kidogo namna hiyo kinatosha kuangusha gemu nzima.

Nikazima, nikachomoa umeme ukutani, nikavuta konekta ya JAMMA, ile plagi ndefu inayoshika bodi. JAMMA ni mpangilio wa nyaya uliowekwa Japani mwaka 1985 ili bodi za makampuni tofauti ziingie mashine moja. Meno 56, kila upande 28, na hizo volti 5 zote zinapita kwenye meno manne tu. Angalia hayo manne. Haya ya jirani yanang'aa, haya yamekuwa meusi, na hili moja limekuwa la kahawia, plastiki ya konekta hapa imelegea kwa joto. Katikati yake kuna vumbi. Vumbi letu la Dodoma la mwezi wa nane mnalijua, linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa.

Chukua kifutio cheupe cha penseli, sugua kufuata urefu wa jino, taratibu. Kisha isopropili, ile spiriti ya mafundi simu, na mswaki laini. Acha ikauke. Na hapa naomba unisikilize vizuri: kabla hujawasha, rudisha kinobu chini! Njia ikishakuwa safi, ukiacha kinobu kilekile bodi inaweza kupokea zaidi ya 5.25, na chipu za mwaka 1991 utazitoa wapi? Nimerudisha, nimewasha. Pawa saplai 5.06, bodi 5.01.

Kwa hiyo maoni yangu yamehama kidogo. Kinobu nakipenda bado, ila kinaficha uchafu, na uchafu unaendelea kuunguza plastiki. Anza na kifutio.

Kinachoniudhi ni hii swichi ya 110 na 220. Haina kifuniko, na ilikuja imewekwa 110. Umeme wetu ni 230! Mwaka jana nilipoteza nyingine hivyohivyo, niliwasha, ukasikika mlio mmoja, moshi. Iliniuma sana. Bisibisi kwanza, swichi iende 220, kisha utepe juu yake.

Kuna wanaosema ng'oa vyote, weka TV flati na bodi ndogo moja yenye gemu sitini ndani. Bei ni nafuu, sawa, lakini mimi nataka TV hii ya chogo na rangi zake. Tahadhari tu, nyuma ya kioo pale kwenye kofia ya mpira kuna volti zaidi ya elfu ishirini, na zinaweza kubaki hata umezima. Usipeleke mkono. Jumamosi nitakuwa na fundi wa TV wa siku nyingi, tutabadilisha kapasita za chogo, maana picha inayumba pembeni. Bonyeza kengele usiikose.

Bei ya hii pawa saplai? Mpaka inafika mkononi elfu tisini na tano. Kama yako ya zamani ina kapasita zilizovimba tu na una mtu anayejua kulehemu, badilisha kapasita, pesa ikabaki.

Saa ya pili hii inaelekea kuisha, sijazima, na mita kwenye bodi bado inasoma 5.01. Mpwa, weka kamera mezani, shika upande wa pili. Mimi Ryu.