Seti ya treni ya reli nyembamba: gia imepasuka, naambiwa nisafishe reli

Naandika hii nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie. Kuna kipindi hapo nyuma niliagiza mtandaoni seti ya kuanzia ya treni za modeli, zile za reli nyembamba, kichwa kimoja kidogo cha dizeli, vibehewa vinne vya wazi, reli za kuzungusha duara na pointi moja, ile njia panda ya reli. Vipimo vyote vipo kwenye boksi lao, wameviandika vizuri tu, kuandika wanajua. Mi nataka kuongelea gia. Gia moja ya plastiki, ndogo kuliko kifungo cha shati, ambayo imeninyima usingizi na imenigombanisha na mtu ambaye hata sura yake siijui.

Nirudi nyuma kidogo. Sikuingia kwenye haya mambo kwa ajili ya zile treni ndefu za abiria, hizo zinataka ukumbi mzima. Nilitaka treni ya kazi. Mjomba wangu ujana wake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Tanga, na kwenye hadithi zake zote kilichonikaa kichwani ni kile kitreni cha shambani, reli yenye upana wa 600 mm, kichwa kinakohoa, matoroli yamejazwa majani mpaka yanamwagika, safari ya korona, ile mashine ya kutoa singa, yaani nyuzi, kwenye majani. Na ukikaa ukafikiria unaona kabisa kwa nini ile reli ilikuwa lazima. Jani la mkonge likishakatwa halisubiri mtu, likilala siku kadhaa linakauka na singa zinagoma kutoka vizuri, halafu katika uzito wote ule singa zenyewe ni kama asilimia 4 tu, yaani kila siku unasomba maji na makapi asilimia 96. Nani angebeba hayo kichwani? Ndo maana wakaleta zile reli za mtindo wa Decauville wa Ufaransa, zinakuja vipande vizima na mataruma yake ya chuma yanayoshikilia reli kwa chini, wanaume wachache wananyanyua kipande wanakihamishia upande mwingine wa shamba, kazi inaendelea. Reli halisi yenyewe ilikuwa ya kuunga na kufungua kama mchezo wa watoto, sasa mtu unaachaje kuitengeneza kwa udogo?

Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii ni reli ya mashamba na viwanda. Nikasema hii ni yangu.

Siku ya kwanza, sitawadanganya, nilifurahi kama mtoto. Nimeweka plaiwudi yangu ya sentimita 60 kwa 90 mezani, nimefunga reli, nimewasha kontrola, kile kichwa kikaondoka taratibu kabisa kinavuta vibehewa vyake vinne tupu, nikazima feni ili nisikie mlio wa mota. Kama ningeandika siku ile ningewapa nyota zote na za kukopa.

Siku ya tatu au ya nne hivi kikaanza kuchechemea. Kinaenda, kinashtuka, kinaenda, kinashtuka. Ukikiendesha kasi huoni, ila treni ya mkonge inayokimbia ni kichekesho, ile kitu inatakiwa itambae, na kikitambaa ndo unaona aibu yote. Nikadhani ni uchafu, maana umeme wake unapitia kwenye reli. Nikafuta reli kwa spiriti, nikafuta magurudumu kwa pamba, nikasugua na vile vibati vya shaba vinavyoshika umeme. Bado. Hapo nikajiongeza: kama ni uchafu wa reli kitashtuka sehemu ileile ya reli kila kikizunguka, lakini hiki kinashtuka popote pale, kila kikitembea kama sentimita mbili. Nikaweka nukta ya rangi nyeupe kwenye gurudumu moja. Kila kikishtuka, nukta iko juu. Kila mara! Gurudumu likimaliza mzunguko mmoja, mshtuko mmoja. Mtu yeyote aliyewahi kushika hata baiskeli anajua hapo kuna jino la gia lina shida.

Nikarekodi video, nukta inaonekana vizuri, nikawatumia wauzaji na maelezo ya adabu kabisa. Jibu likaja kesho yake:

"Habari ndugu mteja. Tatizo lako ni uchafu wa reli. Safisha kwa spiriti."

Nikajibu kwa upole, ndugu, nimesafisha mara tatu, tafadhali angalia video, angalia nukta nyeupe. Wakajibu nisafishe na magurudumu. Nikasema nimesafisha na magurudumu. Kimya. Siku mbili baadaye ndo ikaja hii, na nimeikariri kwa uchungu:

"Ndugu mteja, hizi modeli sio toi za watoto, zinahitaji mtu mwenye uvumilivu. Wateja wengine hawajalalamika."

Mwenye uvumilivu! Mimi! Ambaye nimekata miche 140 ya mkonge kwa karatasi, kila mche majani kumi na tano, pigeni hesabu wenyewe, majani zaidi ya elfu mbili kwa mkasi wa kucha, kila jani milimita 16 hivi, nalikunja katikati lipate kamfereji, nalichonga ncha, nalipaka kijani cha majivu, nabandika kuanzia chini kwenda juu, halafu naipanda mistari miwili miwili kama shambani kwenyewe. Michache nimeiwekea na mlingoti, maana mkonge ukizeeka unatoa mlingoti mrefu, unachanua mara moja tu, unakufa. Sasa huyu kakaa kwenye kiti chake hajafungua video anakuja kunifundisha uvumilivu.

Usiku ule nilikifungua mwenyewe. Garantii waendelee nayo. Bisibisi ndogo, skrubu mbili chini, lenzi ya kukuzia, taa ya simu. Na hiyo hapo: ufa. Mstari mwembamba kama unywele kati ya jino na jino, kwenye gia iliyogandamizwa kwenye ekseli ya nyuma. Kumbe plastiki imeshindiliwa kwenye chuma kilichoizidi, inakaa imevutika muda wote, siku moja inaachia. Ikishapasuka, ule mwanya unatanuka, jino haliingii mahali pake, kichwa kinaruka. Nukta yangu nyeupe ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo. Nikapiga picha kupitia lenzi, ufa unaonekana mpaka kipofu angeuona, nikawatumia bila neno hata moja.

Kimya cha wiki kadhaa. Halafu bila salamu wala samahani kikaja kifurushi, ndani kimfuko, ndani ya kimfuko gia mpya. Hasira zikashuka, nikaanza na kujilaumu, nikasema basi labda yule aliyenijibu naye alikuwa na siku mbaya, binadamu ndivyo tulivyo. Nikaiweka chini ya lenzi kwa mazoea tu.

Imepasuka. Gia mpya, haijawahi kuguswa na ekseli yoyote, inatoka kwenye mfuko uliofungwa, imepasuka palepale.

Nilicheka peke yangu usiku.

Kwa wenye tatizo kama langu, supaglu msihangaike nayo, ile plastiki ni ya kuteleza, gundi inakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba. Nilichofanya ni kutoa ekseli, nikaichukua pale gia inapokaa nikaipunguza unene kwa msasa laini, kidogo kidogo, napima, nasugua, napima, mpaka gia ikakaa bila kulazimishwa na ufa ukajifunga wenyewe, halafu tone dogo sana la epoksi kati ya gia na ekseli, nikaiacha usiku mzima. Tone likizidi likaingia kwenye meno umekwisha. Asubuhi kikatembea. Kikatambaa! Mwendo wa konokono kabisa, hakuna mshtuko, nukta nyeupe inazunguka laini. Nimeiacha ile nukta, siifuti.

Sasa kwa kuwa nimeshakasirika acha nimalizie na mengine. Ile pointi. Pale katikati reli zinapokatana wameweka kipande cha plastiki kisichopitisha umeme, sawa, kwa kichwa kirefu chenye magurudumu mengi haina neno, ila hiki chao kina magurudumu manne na kimekaa kifupi kama kiatu, kikipita pale polepole kinakata umeme kinasimama, inabidi nikisukume kwa kidole. Yaani kwenye seti moja, boksi moja, wameweka kichwa na pointi visivyoelewana. Nani alijaribu hii kitu kabla ya kuiuza?

Na geji, yaani upana kati ya reli na reli. Hii ni ugomvi wangu binafsi, najua wengi hamtajali. Reli zao ni 9 mm na modeli ni 1:76, yaani ndogo mara 76 kuliko kitu halisi. Zidisha: 684 mm. Reli za mkonge zilikuwa 600! Nimezidishiwa milimita 84. Ukitaka 600 ya kweli itakubidi uende vipimo vingine, kuna wanaotumia reli ya 14 mm na modeli ya 1:43.5, hiyo inakupa 609, hapo tunaongea, ila jiandae kutengeneza karibu kila kitu kwa mkono. Na mataruma yao ni ya mbao, manene kama ya reli kuu, wakati ya Decauville ni vibati vya chuma. Niliyazika nusu kwenye udongo kwa hasira na sasa hivi yamependeza kuliko nilivyopanga, kwa hiyo sijui nilalamike au ninyamaze.

Niseme na kosa langu pia. Kwenye uwanja wa kuanikia nilitaka singa za kweli, nikafumua kamba ya katani nikazitundika kwenye nyaya. Zilionekana kama magogo. Kwa udogo ule katani halisi haifanani na katani, ikabidi nirudi kwenye uzi wa pamba uliochambuliwa, umepakwa rangi ya maziwa yaliyochacha.

Basi, nilikuwa nimeshaamua nyota moja, na hiyo moja ni ya boksi. Ndo mjomba akaja.

Akakaa kwenye stuli, hakusema kitu muda mrefu. Kichwa kinazunguka na matoroli yake, nimeyajaza vifurushi vya majani. Akauliza, "Mjomba, haya majani umefunga mangapi mangapi?" Nikasema yoyote yaliyotosha. Akatikisa kichwa. "Thelathini. Mzigo ni majani thelathini. Ungekuwa kwetu mnyapara angekurudisha." Nikamwambia sawa mjomba, nitafungua nifunge upya, na moyoni nikasema haiwezekani. Halafu nikaanza kumlalamikia habari ya gia, muuzaji, pointi, milimita 84, yeye anaangalia tu treni. Akasema, "Mbona hiki kizuri? Cha kwetu kilikuwa kinachechemea zaidi ya hapo."

Pale pale toroli la mwisho likaanguka kwenye pointi. Nikanyoosha mkono nilinyanyue, akanizuia. "Acha. Lete mtaimbo." Mtaimbo gani mjomba? Akachukua njiti ya kibiriti mezani, akaichomeka chini ya toroli, akaegemeza kwenye taruma, akalikweza gurudumu la mbele likapanda, tik, halafu la nyuma, tik. Bila kugusa toroli kwa mkono. Mzee ana mikono inayotetemeka akishika kikombe, lakini ile njiti haikutetemeka. Akaniambia, "Mara tatu nne kwa siku, mjomba. Na mzigo juu."

Tangu siku hiyo ile pointi sijairekebisha. Nimetengeneza na watu wanne wadogo wa waya na epoksi, wamesimama pembeni ya pointi na mtaimbo wao wanasubiri.

Kwa hiyo niwape nyota ngapi? Tatu. Hapana, treni nne, huduma sifuri, gawanyeni wenyewe. Ukinitaka ushauri nunua reli na mabehewa, kichwa tafuta kwingine. Ingawa kusema kweli nisingekifungua kichwa kile nisingejua hata kilivyo ndani, sasa hivi nakifungua na kukifunga huku naongea na simu. Lakini hiyo sio sifa yao! Wasije wakaichukua wakaiweka kwenye tangazo.

Jana nimeingia tena dukani kwao, kuangalia tu. Wana kichwa kingine kipya, cha mvuke, kina bomba refu na tangi la maji begani, kile mjomba anachosema kilikuwepo kabla ya dizeli. Nimewaandikia kuuliza swali moja, kama gia yake ya nyuma ni ileile.

Wameona meseji. Hawajajibu.