Miezi minne na Plan 9: kifaa kinapogeuka folda

Kompyuta yangu ya pili inaendeshwa na Plan 9, mfumo endeshi wa maabara ya Bell Labs uliotolewa kwa vyuo vikuu mwaka 1992. Nimezoea Linux, na huko nako diski na kibodi zimo ndani ya folda ya /dev kama mafaili. Nikadhani sitakuta jipya. Nimelikuta.

Nilikuwa na bodi ndogo ya saketi, nataka kusoma inachosema inapowaka. Nikaichomeka kwenye poti ya siriali, tundu linalopitisha data biti moja moja, nikaandika cat /dev/eia0, yaani nionyeshe kilichomo kwenye faili la poti hiyo. Yakaja maandishi ya vurugu tupu, hata neno moja halisomeki. Pembeni kuna faili liitwalo eia0status, nikalisoma. Ni maandishi ya kawaida kabisa: yanaanza na b9600, yaani kasi ya poti, na mbele kuna hesabu ya hitilafu za framing, yaani herufi ambazo mwisho wake haukuonekana pale ulipotarajiwa. Kila nikilisoma upya, hesabu imepanda. Basi kasi ya bodi na ya poti zimepishana. Nikatumia echo, amri inayoweza kuandika maneno kwenye faili:

echo b115200 > /dev/eia0ctl

Maneno yakanyooka papo hapo, na sikusakinisha programu yoyote.

Kwenye Unix, mfumo ambao Linux inaufuata, faili la kifaa hukupa data, lakini mipangilio mingi unaibadili kupitia ioctl, wito maalumu kwa mfumo, mlango wa uani wenye namba ambazo programu lazima izijue mapema. Plan 9 imeuziba mlango huo. Kifaa kina faili la data na faili la ctl, na ctl linapokea maneno. Hata TCP, njia ya kuunganisha kompyuta mtandaoni, iko hivyo: ukifungua /net/tcp/clone unapewa namba, folda ya namba hiyo inatokea, na ndani yake unaandika connect na anwani kwenye ctl.

Kilichonifurahisha zaidi ni 9P, itifaki inayosafirisha mafaili hayo mtandaoni. Kwa amri ya import niliileta /dev ya mashine iliyo chumba kingine, nikaiweka /n/pili, kisha echo ile ile ikabadili kasi ya poti nisiyoiona kwa macho. Niliirudia mara tatu kwa raha tu.

Angalia jambo moja: ukitumia bind (amri ya kuifanya folda ionekane mahali pengine) au import kwenye dirisha moja, dirisha jingine haliguswi, kwa sababu mchakato unaweza kuwa na mpangilio wake wa mafaili. Nilipoteza jioni nzima nikiitafuta /n/pili kwenye dirisha lisilo lake. Sasa ndiyo sifa ninayoitegemea, maana programu naipa vifaa inavyohitaji tu.

Kivinjari cha kisasa usikitegemee. Weka kompyuta nyingine karibu. Tafuta kipanya cha vitufe vitatu. Na kabla ya kugusa kifaa chochote, fungua sehemu ya 3 ya mwongozo. Ukurasa wa uart ndio ulionifundisha ile herufi b, pamoja na l ya idadi ya biti na p ya pariti, biti ya kukagua makosa.