Filamu nne za Evangelion: zitazame, lakini si badala ya mfululizo

Mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni, aliniuliza swali ambalo naamini wapenzi wengi wa anime, yaani katuni za Kijapani, wameshaulizana: "Mjomba, kama zipo filamu nne mpya zenye picha safi, zinazomalizika kwa muda usiofika saa nane, kwa nini nimalize bando kwa mfululizo wa mwaka 1995 wenye sehemu 26?" Nilimjibu kwamba aanzie kwenye mfululizo. Hakunisikiliza, na baadaye nilishukuru kwamba hakunisikiliza, kwa sababu tulipoitazama filamu ya nne tukiwa tumekaa kwenye kochi moja, niliona kwa macho yangu filamu hizi zinampa nini mtu aliyepitia mfululizo na zinamnyima nini yule aliyeuruka. Nitalazimika kugusa baadhi ya mambo yanayotokea humo, kwa hiyo asiyetaka kujua chochote kabla ya kutazama aishie hapa.

Neon Genesis Evangelion ilirushwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, ikiwa kazi ya studio ya Gainax chini ya mwongozaji Hideaki Anno. Shinji, kijana wa miaka 14, anaitwa na baba aliyemtelekeza, si kwa sababu baba amemkumbuka, bali kwa sababu anahitajika mtoto wa kuliendesha dude kubwa liitwalo Eva na kupigana na viumbe wanaoitwa Malaika. Sehemu mbili za mwisho zilitengenezwa huku muda ukiwa umewaishia, zikajaa picha zisizotembea, maandishi na michoro ambayo haijakamilika, na mwaka 1997 ukatolewa mwisho mwingine katika filamu. Mwaka 2006 Anno alianzisha studio yake, Khara, akaamua kuisimulia hadithi upya kwa filamu nne, ambazo zilitoka mwaka 2007, 2009, 2012 na 2021. Wakati anaanza kazi hiyo alieleza hadharani kwamba Evangelion ni hadithi inayojirudia, na maelezo hayo tuyaweke akilini, maana ndiyo ufunguo wa filamu zote nne.

Filamu ya kwanza ndiyo inayompa hoja yule anayesema kwamba marudio haya hayana haja. Inafuata sehemu sita za mwanzo kwa uaminifu mkubwa, kiasi kwamba mandhari nyingi zimechorwa upya kwa pembe ileile na mazungumzo yaleyale. Hata hivyo, lipo pambano moja ambalo limebadilika kabisa, nalo ni la Malaika mwenye umbo la kito cha buluu chenye pande nane. Katika mfululizo kito hicho kinaelea tu hewani, hakibadiliki, na kinatisha kwa ukimya wake. Katika filamu kinajikunja, kinapasuka na kujipanga upya kuwa nyota, kuwa msalaba, kuwa maumbo ambayo sina jina la kuyaita, na kinapojeruhiwa kinapiga ukelele kama wa mwanamke. Wakati huohuo umeme wa nchi nzima ya Japani unakusanywa kwa ajili ya risasi moja, na taa zinazimika mji baada ya mji mpaka milima inabaki kivuli. Nimelitazama pambano hilo mara nyingi na bado moyo hunidunda. Isipokuwa hilo, na bahari ambayo sasa ni nyekundu, mtu aliyemaliza mfululizo wiki iliyopita hatakuta mengi mapya mpaka dakika za mwisho, pale kijana mmoja anapoamka mwezini na kuzungumza kana kwamba yote haya ameshayaona.

Filamu ya pili ndiyo inayoanza kuachana na njia ya zamani. Anaingia rubani mpya, Mari, ambaye kwenye mfululizo hakuwapo kabisa, lakini badiliko lenye uzito ni jingine. Katika sehemu ya 18 ya mfululizo, Eva ya tatu inavamiwa na Malaika wakati wa majaribio, na aliyemo ndani ni Toji, mwanafunzi mwenzake Shinji. Shinji anakataa kupigana, baba yake anamnyang'anya uongozi wa Eva, na mikono ya Eva yake mwenyewe inaiponda ile nyingine huku yeye akilia na kusihi. Toji anapona, lakini anapoteza mguu. Katika filamu anayewekwa ndani ya Eva ile ni Asuka, msichana rubani mwenzake Shinji, na unyama wa pambano umefunikwa na wimbo mwororo wa watoto, jambo linaloongeza uchungu badala ya kuupunguza. Toji katika hadithi hii anabaki mtazamaji tu. Anayetazama kwa mara ya kwanza hawezi kujua kwamba mbele ya macho yake kijana ameepushwa na balaa.

Kuhusu filamu ya tatu nitasema wazi kwamba ndiyo dhaifu kuliko zote. Shinji anaamka baada ya miaka 14, watu aliowapenda wanamtazama kwa chuki, anafungwa shingoni kifaa cha kumuua akikaidi, na hakuna hata mmoja anayekaa chini dakika tano kumweleza kilichotokea. Najua kwamba upweke huo umekusudiwa, na mandhari ya wavulana wawili wakipiga piano pamoja katikati ya magofu ni nzuri kweli. Lakini kumficha mhusika habari ni jambo moja, na kumficha mtazamaji kwa dakika 96 ni jambo jingine, hasa kwa wale waliokaa zaidi ya miaka minane wakisubiri filamu iliyofuata. Anno mwenyewe aliandika baadaye kwamba kazi hiyo ilimvunja na kumtia katika mfadhaiko.

Kisha ikaja ya nne, yenye dakika 155, ambayo kwa maoni yangu inatosha kuhalalisha mradi mzima. Baada ya vita vya ufunguzi, inafanya jambo ambalo sikulitarajia: inatua kijijini. Manusura wanaishi katika makazi ya kuungaunga, wanalima, wanavua samaki, wanapika pamoja. Shinji hali wala hasemi. Msichana anayefanana na Rei (rubani mwingine mwenzake Shinji), ambaye hajui lolote la maisha, anapelekwa shambani pamoja na kina mama watu wazima kupandikiza mpunga. Anaushika mche kwa vidole viwili kana kwamba utavunjika, anauchomeka kwenye tope, anavuta mguu, anaanguka, na wale kina mama wanacheka kwa upendo na kumwinua. Jioni anauliza maana ya salamu moja baada ya nyingine. Mwenyeji wake anamweleza kwamba salamu ya asubuhi ni maneno ya kutakiana siku ya kuwa pamoja, ya usiku ni ya kuwaombea wote walale kwa amani, na kuagana ni maneno ya kuombea kukutana tena. Sisi tunaosema "kwaheri ya kuonana" hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Hapo ndipo alipotokea daktari wa kijiji, mwanamume wa makamo ya ujana, mwenye mke na mtoto mchanga. Mpwa wangu akamkumbuka kwa shida kama yule mwanafunzi aliyempiga Shinji ngumi katika filamu ya kwanza, kisha akaendelea kula karanga zake. Mimi nilikuwa nimenyamaza. Daktari yule ni Toji, mkewe ni Hikari, msichana aliyempenda tangu wakiwa darasani, na mimi niliyemwona amelazwa hospitalini katika mfululizo nilikuwa nikimwona anatembea kwa miguu yake miwili, amembeba binti yake. Filamu haitoi neno lolote kulieleza hilo. Inamwachia mwenye kumbukumbu.

Katika kurasa za mashairi za magazeti yetu, mshairi hutoa swali na mwenzake hulijibu kwa vina na mizani vilevile, na atakayesoma jibu peke yake ataona beti zilizopangika lakini hatajua kwa nini neno fulani limewekwa pale lilipowekwa. Filamu hizi zimetungwa hivyo, na aliyeuliza ndiye huyohuyo anayejibu, akiwa na umri mkubwa zaidi. Ni tofauti kabisa na desturi ya zamani ya kukatakata mfululizo na kuushona kuwa filamu, kama ilivyofanywa kwa Mobile Suit Gundam ya mwaka 1979, ambayo sehemu zake 43 ziligeuzwa kuwa filamu tatu mwaka 1981 na 1982, zikiwa na nyongeza za michoro mipya. Filamu za namna ile zinaweza kusimama badala ya mfululizo kwa mtu asiye na muda. Hizi haziwezi.

Nusu ya pili ya filamu ya nne ina kasoro ambazo sitazifumbia macho. Mapambano ya angani yamejazwa vitu vya kompyuta vinavyozunguka kwa maelfu, mpaka jicho linachoka na mtu hajui nani amempiga nani. Majina ya mikuki na ya milango ya ulimwengu mwingine yanatajwa kwa kasi isiyomjali msikilizaji. Lakini baba na mwana wanapokutana hatimaye, vita vinageuka mazungumzo, na baba aliyekuwa ukuta tangu mwaka 1995 anafungua kinywa na kueleza woga wake. Picha zinarudi kuwa michoro ya penseli, kama zile za sehemu mbili za mwisho ambazo zamani zilitokana na kukosa muda, ila safari hii kwa kukusudia. Filamu inamalizikia kwenye stesheni ya treni katika mji wa Ube, alikozaliwa Anno. Yanayotendeka hapo siyasemi. Nchini Japani mapato yake yalivuka yeni bilioni 10, na sioni ajabu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tazama mfululizo wote, kisha filamu ya mwaka 1997, pumzika kwa wiki kadhaa, ndipo uanze hizi nne kwa mpangilio wake. Usiwawekee watoto wadogo kwa kudhani ni katuni tu, maana zina damu nyingi na huzuni nzito. Mpwa wangu amerudi mwanzo. Jana usiku alimaliza sehemu ya 18, akanipigia simu saa tano, akaniomba Jumamosi tuitazame tena ya nne, angalau pale kijijini.