Uzoefu wangu katika Oasisi ya Al Ain: bustani ya mitende inayoishi kwa mfereji

Nimeitembelea Oasisi ya Al Ain mara mbili katika muda wa siku nne, na ziara hizo zilitofautiana kiasi kwamba ningeweza kudhani nimezuru mahali pawili. Mara ya kwanza nilifika na kundi la watalii kutoka Dubai, kwa safari ambayo nilikuwa nimeilipia kabla ya kuondoka nyumbani. Kampuni iliyotuchukua, ambayo sitaitaja, ilitushusha langoni, ikatupa dakika arubaini za kupiga picha, kisha ikatupakia tena garini kuelekea dukani. Nilitoka na picha kumi na mbili za majani ya mitende na sikuwa nimeelewa lolote. Mara ya pili nilikwenda na ami yangu, ambaye aliondoka Unguja akiwa kijana na ameishi Al Ain zaidi ya nusu ya umri wake, na tulitembea taratibu kuanzia saa mbili asubuhi hadi karibu na adhuhuri. Tathmini hii ni ya ziara hiyo ya pili, na ninaiandika kwa ajili ya wale watakaopanga safari ya Falme za Kiarabu wakidhani kwamba bustani ya jangwani ni jambo la kupita tu.

Al Ain ni mji wa ndani, mbali na bahari, yapata kilomita 160 mashariki ya Abu Dhabi, umepakana na Buraimi ya Oman kiasi kwamba mgeni haoni kwa urahisi mji mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Jina lenyewe kwa Kiarabu ni chemchemi, na pia ni jicho, kama sisi tunavyosema jicho la maji. Mtu akishuka kwenye basi anaona barabara pana, majengo ya chini na mlima Hafit umesimama kusini ukiwa mkavu kabisa, bila jani. Kisha anaingia katika lango la oasisi na ghafla jua linakatika. Hapo pana zaidi ya mitende 147,000, ya aina zinazokaribia mia moja, imepandwa katika mashamba madogo madogo yaliyozungushiwa kuta, na kati ya kuta hizo kuna njia nyembamba zinazopindapinda chini ya kivuli. Nilihisi ubaridi usoni kabla sijauliza unatoka wapi.

Nilianza kutazama juu, kama nilivyofanya siku ile ya kwanza. Ami alinishika mkono akaniambia, "Usitazame juu, mwanangu. Tazama chini." Chini palikuwa na mfereji, upana wake haufiki hatua moja, na maji yakipita ndani yake kwa utulivu bila kelele. Huo ndio ushauri mmoja ninaoupa uzito kuliko mwingine wote kwa yeyote atakayekwenda: ufuateni mfereji. Mitende, maembe na kuta zote zimepangwa kwa kuufuata, na asiyeuona mfereji ameona msitu tu.

Mfereji huo ni mkia wa falaji. Falaji huanzia mbali, chini ya milima, pale ambapo huchimbwa kisima cha kwanza hadi kufikia maji yaliyomo ndani ya ardhi. Wenyewe hukiita mama wa falaji. Kutoka hapo huchimbwa njia ya chini kwa chini yenye mteremko mdogo sana, mdogo kuliko mteremko wa ardhi iliyo juu yake, hivyo baada ya mwendo mrefu maji hutokeza juu yenyewe, bila pampu na bila ndoo. Kila baada ya masafa fulani huachwa shimo la kuingizia hewa na kutolea matope wakati wa kusafisha. Katika eneo la Hili, ndani ya mji huuhuu wa Al Ain, wachimbaji wa mambo ya kale wamegundua falaji yenye umri wa takriban miaka 3,000. Nilipolisikia hilo niliinama nikaigusa kingo ya mfereji kwa mkono, kwa sababu niliona haifai kusimama mbele ya kazi ya namna ile mikono ikiwa mfukoni.

Maji yenyewe hayagawanywi kwa ndoo bali kwa muda. Kila shamba lina zamu yake, na zamu hupimwa kwa kipimo kinachoitwa athar, ambacho ni kama nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Tulimkuta mfanyakazi mmoja akiondoa kizuizi kwenye tundu la ukuta, na maji yakageuka, yakaingia shambani na kuzunguka shina moja baada ya jingine kana kwamba yanaijua njia. Tulisimama hapo hadi zamu ikaisha. Ami alinieleza kwamba Sheikh Zayed, kabla ya kuwa rais wa nchi, alikuwa mwakilishi wa mtawala katika eneo hili kuanzia mwaka 1946, na kwamba wazee wanamkumbuka kwanza kwa falaji alizozisafisha na kwa namna alivyorekebisha haki za maji ili mkulima asiye na fedha naye apate zamu. Ni sawa pia msomaji ajue kwamba leo falaji hazitoshi peke yake. Maji ya chini ya ardhi yameshuka, na mifereji inasaidiwa na visima vya pampu. Hilo halikunipunguzia heshima niliyokuwa nayo kwa mahali pale, ila lilinitia wasiwasi wa kweli.

Mimi ni mwalimu wa kilimo, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie katika sehemu inayofuata. Bustani hii ina ghorofa tatu. Juu kabisa ni mitende, inayokinga jua na upepo mkavu. Chini yake, katika mwanga uliochujwa, kuna maembe, ndimu, tini, makomamanga na hata migomba, ambayo kamwe isingeweza kusimama peke yake kwenye jangwa lile. Chini kabisa huoteshwa majani ya mifugo na mboga. Kivuli cha ghorofa ya juu kinazuia maji yasikauke upesi, kwa hiyo tone lililomwagwa kwa ajili ya mtende linawanufaisha na wengine wawili. Nimefundisha kilimo mseto kwa miaka mingi kwa kuchora ubaoni, na pale nilikikuta kikiwa hai. Nilifurahi pia kumwona mkunazi, umejaa miiba na ndege kama ule wa kwetu, na ami akaniokotea kunazi iliyoangukia njiani, si ya mtini, kwa sababu mashamba haya yana wenyewe. Naomba hilo lizingatiwe: kuingia ni bure, lakini matunda si ya bure, na kuvuka ukuta ili kupiga picha ni kuingia katika mali ya mtu.

Tulikwenda mwishoni mwa Februari, na hiyo ilikuwa bahati, kwa kuwa ndio msimu wa kuchavusha. Mtende una dume na jike, kama mpapai, na upepo peke yake hautoshi kuzalisha mavuno ya maana. Mkwezi hupanda akiwa amejifunga mkanda mpana wa kamba kiunoni uliozunguka shina, anaegemea nyuma, anasukuma mkanda juu, anapiga hatua, kisha anausukuma tena. Nimewatazama wakwezi wa minazi tangu utotoni na bado nilikaza macho. Akifika kileleni anapasua ala ya ua la jike, anapachika ndani yake vishada vichache vya ua la dume, na kuvifunga kwa ukuti ili visianguke. Dume mmoja hutosha majike hamsini hivi. Ni kazi ya mkono, mti kwa mti, kila mwaka, na kila tende tunayofuturia imepitia mkono wa mtu wa namna hiyo.

Kwetu pwani mtu akipata jambo jema asilolitarajia husemwa kuwa amepata bahati ya mtende. Mtende wetu huota, hurefuka na kupendeza, lakini mvua na unyevu haviziachi tende zake ziive ipasavyo. Hivyo tangu enzi za majahazi tende zilitujia na upepo wa kaskazi, zimeshindiliwa katika makanda, na majahazi hayohayo yalirudi na kusi yakiwa yamebeba boriti za mikoko za kuezekea nyumba za Ghuba. Jamaa wa mtende aliyeizoea hewa yetu ni mkindu, ambao ukindu wake tunasukia mikeka. Nilimwonyesha ami jani la mtende na kumweleza hivyo, naye akacheka kwa furaha, akasema mama yake, ambaye ni bibi yangu, alikuwa hakosi ukindu mikononi.

Kwa wanaotaka maelezo ya matumizi, kuna kituo cha maonesho ndani ya oasisi, kilichofunguliwa mwaka 2016, kinachoeleza kwa michoro jinsi falaji inavyofanya kazi. Pitieni hapo kwanza, kisha ndipo muanze kutembea. Njia zimesakafiwa na hazina milima, kwa hiyo mzee anayetembea kwa mkongojo ataweza, ila abebe maji ya kunywa na kofia kwa ajili ya sehemu ambazo kivuli kimekatika. Miezi ya Novemba hadi Machi ndiyo mizuri. Kama mnakwenda kwa kampuni ya ziara, ulizeni kabla ya kulipa ni muda gani hasa mtakaoachiwa ndani, na wakisema chini ya saa mbili, kataeni. Basi la abiria kutoka Dubai linafika mjini kwa muda wa saa mbili hivi, na utakuwa huru na siku yako. Mwaka 2011 oasisi hii, pamoja na nyingine za mji huo, makaburi ya Hafit na magofu ya Hili, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mtu mwenye siku mbili anaweza kuviona vyote bila haraka.

Tulipokuwa tunatoka, mkwezi mmoja alituuliza kwa Kiarabu kama tutarudi kula alichokipanda mtini. Ami alimjibu kwamba Julai ipo, Mungu akipenda. Joto la Julai katika Al Ain hupita nyuzi 40 na kila mtu ananishauri nisiende, lakini nimeshaomba likizo ya wiki mbili, kwa sababu nimeona ua likifungwa na sijaona bado kishada kikishushwa kwa kamba.