Vifaa vya kujenga kifua: kipi ununue kwanza hapa Mombasa

Kabla hujatoa shilingi mfukoni, fanya jaribio hili hapo ulipo. Weka kiganja cha kushoto juu ya kifua cha kulia, karibu na kwapa. Nyoosha mkono wa kulia mbele, kisha uvute kwa nguvu kuelekea bega la kushoto. Umesikia nyama ilivyokaza chini ya kiganja? Huo ndio msuli mkubwa wa kifua, na hiyo ndiyo kazi yake kuu: kuuleta mkono mbele ya mwili.

Umbo lake ni la kipepeo cha kupepea makaa. Upande mpana umejishika kwenye nusu ya ndani ya mtulinga, kwenye mfupa wa kidari na kwenye gegedu za mbavu sita za juu. Kisha nyuzi zote hukusanyika zikawa kano moja iliyoshika mfupa wa mkono, chini kidogo ya bega. Nyuzi za mtulingani huinua mkono mbele. Za kidarini huushusha na kuubana ubavuni. Ubavuni nako kuna msuli wenye meno kama msumeno, unaolishikilia bapa la bega lisichomoze mgongoni. Mtazame hamali wa mkokoteni pale Marikiti: mikono imeshanyooka kabisa, na bado mzigo unasogea kidogo mbele. Ule msukumo wa mwisho ni wa msuli huo wa msumeno.

Basi kifaa cha kununua ni kile kinachoipa misuli hii kazi yake. Nimevipanga kwa kipimo hicho.

1. Dambeli mbili za kubadilisha uzito. Hizi ndizo za kwanza, na sioni za kushindana nazo. Ukilala chali, kila mkono unabeba wake, kwa hiyo wa kulia hauwezi kumfichia uvivu wa kushoto. Mikono inashuka kando, inapanda na kukutana juu ya kidari, njia ile ile ya jaribio letu. Chagua zenye visahani vya kuongeza, maana uzito wa leo hautakutosha baada ya miezi kadhaa. Hewa yetu ya bahari hula chuma tupu; tafuta zilizofunikwa mpira, na ukague nyuzi za skrubu za kufungia nati zisiwe zimeanza kutu, kwani kisahani kikichomoka juu ya uso si jambo la mzaha. Na upime! Mimi niliwahi kuuziwa dambeli iliyoandikwa kilo 10. Nilipoipeleka kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu ikasoma 8 na nusu. Tangu siku hiyo sinunui kwa maandishi.

Usishushe viwiko chini sana ukiwa na mzigo mzito. Kano ya kifua huchanika hasa pale mkono unapokuwa umetanuka nyuma huku umebeba uzito mkubwa.

2. Raba za mazoezi. Nyepesi, zinaingia mkobani, na unaweza kuvuka nazo feri ya Likoni kila siku. Uzuri wake ni huu: dambeli zikikutana juu mzigo hupungua, lakini raba inakaza zaidi kadiri mikono inavyokaribiana, pale pale msuli ulipojikunja. Ifunge kwenye nguzo au mlango imara nyuma yako, sukuma mbele. Jua letu huziharibu, kwa hiyo usiziache barazani, na ukiona ufa mdogo itupe.

3. Benchi la kuinuka. Linafaa ukishakuwa na dambeli, si kabla. Liinue kama digrii 30 na zile nyuzi za mtulingani zitafanya kazi zaidi. Likalie dukani na ulitikise. Likiyumba tupu, litayumba zaidi ukiwa na mzigo.

4. Vishikio vya pushapu. Hupunguza maumivu ya kiganja na kifundo cha mkono, basi. Pushapu yenyewe ni bure: mtu wa kilo 70 hubeba karibu theluthi mbili ya uzito wake mikononi, na bapa la bega linatembea huru, kwa hiyo msuli wa msumeno unapata haki yake. Kama hujafika 20 kwa mtindo safi, anza hapo sakafuni.

5. Vyuma vya saruji. Makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuungwa kwa bomba. Nawaheshimu vijana wanaovitengeneza uani, vimejenga vifua vingi. Shida ni kopo moja kuzidi jingine, bomba likapinda upande. Pima yote mawili kabla hujalala chini yake.

6. Springi za kutanua kifua. Jina limewadanganya wengi. Unapozivuta kushoto na kulia, mikono inaondoka mbele ya mwili. Hiyo ni kazi ya misuli ya mgongo wa juu na nyuma ya bega. Mwombe mwenzako akuwekee kiganja kifuani, kama kwenye jaribio letu, ukiwa unavuta; ataukuta msuli wa kifua umelegea. Kama unazo tayari nyumbani, usizitupe: zipitishe nyuma ya mgongo, shika vishikio usawa wa kifua, sukuma mbele. Vaa fulana nene, springi hufinya ngozi.